TUSINGOJE KUANGUKA: MANENO YETU JUU YA PRESHA, MOYO NA KUPOOZA

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Tawi mbele ya mkutano wa wanachama na wananchi, Murusagamba, wilaya ya Ngara.)

Leo hatukuwaita kwa habari ya kura wala ya kadi. Tumewaita kwa habari ya maradhi, nayo ni siasa vilevile, kwa sababu mtu aliyelala kitandani hawezi kulima kahawa yake, wala kupiga kura, wala kumpeleka mwanawe shule.

Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, viongozi wetu walitangaza vita juu ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Tukisikia neno maradhi twakumbuka malaria, kuhara na kifua kikuu. Hao ni maadui tunaowafahamu. Wakija, mwili huchemka, tumbo huuma, mtu hukohoa, na nyumba nzima hujua kwamba adui ameingia. Lakini yuko adui mwingine asiyepiga hodi. Haleti homa wala kikohozi. Hukaa ndani ya mtu miaka 10 au 15 huku mtu huyo analima, anacheka na kula vizuri. Kisha siku moja humwangusha chini. Huyo ni msukumo mkubwa wa damu, ambao sote twauita presha, na watoto wake wawili ni maradhi ya moyo na kupooza, yaani kiharusi.

Mnakumbuka Januari 2025, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa kwa jirani zetu wa Biharamulo. Watu 10 walikufa, kwa hesabu ya waliothibitishwa na waliodhaniwa kuwa nao, hata ulipotangazwa mwezi wa Machi kwamba umekwisha. Mkoa mzima ulishtuka. Tuliambiwa tunawe mikono, tusiguse wagonjwa wala maiti, nasi tukasikia. Ilikuwa haki kushtuka. Lakini twauliza: mbona hatushtuki kwa presha? Shirika la Afya la Dunia lilihesabu ya kwamba mwaka 2019 watu milioni 17.9 duniani walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Hao ni karibu 32 katika kila vifo 100, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa katika nchi zisizo tajiri, nchi kama zetu. Na hapa Tanzania, uchunguzi uliofanywa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na presha ya juu. Hebu tazameni mlivyoketi. Hesabuni wanne wanne.

SI UGONJWA WA WAZUNGU

Wako wanaosema: "Hayo ni maradhi ya Wazungu na ya wakubwa wenye magari. Sisi wakulima hayatuhusu." Maneno hayo yalikuwa na ukweli zamani, wala hatutaki kuwacheka wazee wanaoyasema. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, jina lake Donnison, aliandika katika jarida la madaktari liitwalo Lancet habari za Waafrika kiasi cha 1,000 aliowapima kule Kavirondo, upande wa Kenya wa ziwa letu hili. Kwa Wazungu alijua ya kuwa presha hupanda kadiri mtu anavyozeeka. Kwa watu wale hakuliona jambo hilo. Baadaye daktari mwingine, Hubert Trowell, alifanya kazi Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika habari za mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye kuziba kwa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja tu, naye alikuwa jambo geni hata akastahili kuandikwa.

Basi nini kimebadilika? Damu yetu ni ile ile. Kilichobadilika ni mwendo wa maisha. Jambo hili lilionekana wazi kwa Wajaluo wa Kenya. Wachunguzi waliwafuata wakulima waliotoka vijijini kwao kwenda kutafuta kazi Nairobi, wakawalinganisha na ndugu zao waliobaki nyumbani. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1990. Waliohama walionekana kuwa na presha ya juu kuliko waliobaki, na tofauti hiyo ilianza kuonekana mapema, baada ya mwezi mmoja wa kukaa mjini. Wachunguzi walipopima mkojo waliona ya kwamba watu wa mjini wanakula chumvi zaidi, na wanapata kwa uchache ile madini iitwayo potasiamu, ambayo imo katika ndizi, maharage, viazi na mboga.

Tena hapa kwetu Tanzania, kati ya mwaka 2003 na 2006, wachunguzi walihesabu watu waliopatwa na kiharusi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika sehemu ya mji wa Dar es Salaam. Walipata watu 636. Wakasawazisha hesabu kwa umri, wakaona ya kwamba katika kila watu 100,000, Hai walipatwa watu 108 kwa mwaka, na Dar es Salaam watu 315. Mji uliwazidi wa vijijini karibu mara tatu.

Sasa, ndugu zetu, tusifurahi kwamba sisi ni watu wa shamba. Mji hauko mbali tena. Mji umekuja Murusagamba juu ya pikipiki. Umekuja katika pakiti ya viungo vya mchuzi, katika chupa ya soda, katika sigara inayouzwa moja moja dukani, katika mafuta ya kukaangia chipsi na maandazi. Tukiuacha uingie bila kuuchagua, na presha itaingia nao.

JINSI PRESHA INAVYOFANYA KAZI

Moyo ni pampu, na mishipa ni mabomba yake. Mkisukuma maji kwa nguvu kupita kiasi katika bomba, siku kwa siku, mwaka kwa mwaka, bomba huchoka. Mahali pengine huchubuka ndani na kushika uchafu mpaka likaziba. Mahali pengine hupasuka. Mshipa wa moyo ukiziba, sehemu ya moyo hufa. Mshipa wa ubongo ukiziba au ukipasuka, sehemu ya ubongo hufa, na viungo vilivyokuwa vikiongozwa na sehemu hiyo hulegea. Hicho ndicho kiharusi. Na pampu yenyewe, ikisukuma kwa taabu miaka mingi, hunenepa kuta zake kisha hudhoofu, miguu ikavimba na pumzi ikawa fupi.

Presha hupimwa kwa tarakimu mbili. Ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unaposukuma, ya chini ni nguvu wakati moyo unapopumzika. Zikiwa chini ya 120 kwa 80, ni vizuri. Zikifika 140 kwa 90 au zaidi, tena zikaonekana hivyo siku mbalimbali, mtu huyo ana presha ya juu, hata kama anajiona ana nguvu za kubeba gunia. Mashine ndiyo itakayomwambia, maana mwili wake unanyamaza.

SI UCHAWI

Hapa yatupasa kusema neno zito, na twaomba wazee watuvumilie. Mtu akilala mzima na kuamka mkono mmoja haunyanyuki, mdomo umepinda na maneno hayatoki, mara nyingi neno la kwanza linalosemwa nyumbani ni kwamba amerogwa. Kisha huanza kutafutwa mchawi. Naye mchawi kwa kawaida huwa nani? Huwa bibi kizee mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Katika mikoa hii ya Kanda ya Ziwa bibi zetu wamepigwa na wameuawa kwa maneno kama hayo. Kwa hiyo maradhi mamoja huharibu nyumba mbili: ya mgonjwa na ya jirani asiye na kosa.

Sikilizeni. Mkono wa kulia ukilegea, ni kwa sababu mshipa umeziba au umepasuka katika upande wa kushoto wa ubongo. Mkono wa kushoto ukilegea, ni upande wa kulia wa ubongo. Madaktari wana mashine za kupiga picha ya kichwa, na mahali palipoharibika huonekana katika picha hiyo kama kidonda. Hakuna jirani aliyeingia humo. Kilichoingia ni presha, au sukari, au sigara, kwa miaka mingi. Na wakati ule watu wanapotumia siku mbili tatu kwa mganga, ubongo unaendelea kufa. Mwanachama atakayesikia jirani anasingiziwa kwa sababu ya mgonjwa wa kiharusi, kazi yake ni kusimama na kukataa, mchana na mbele za watu.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

La kwanza ni chumvi. Chumvi huyashika maji mwilini, damu huwa nyingi katika mishipa, na msukumo hupanda. Mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa kwa kilima. Kijiko hicho ni cha vyakula vyote vya siku nzima, pamoja na chumvi iliyomo ndani ya viungo vya pakiti, ndani ya mkate na ndani ya samaki wa chumvi. Akina mama, chungu kiko mikononi mwenu, lakini makosa si yenu peke yenu. Ni sisi wanaume tunaoonja mchuzi na kusema haujakolea. Basi tuanze hivi: kopo la chumvi lisiwekwe mezani. Mchuzi ukolezwe kwa kitunguu, nyanya, tangawizi, ndimu na pilipili. Ulimi huzoea baada ya majuma machache.

La pili ni chakula chetu wenyewe. Hatuna haja ya kununua dawa za nguvu zinazotangazwa barabarani. Ndizi za kupika, maharage, viazi vitamu, majani ya maboga, mchicha, kisamvu, matembele, mapapai, maparachichi: vyote vyaota hapa hapa Ngara, navyo ndivyo vinavyolinda mishipa. Shirika la Afya la Dunia lasema mtu ale gramu 400 za mboga na matunda kila siku, kama mafungu matano ya kujaza kiganja. Katika uchunguzi ule wa mwaka 2012, watu 97 katika kila 100 hapa nchini hawakufika kiasi hicho. Tazameni ajabu hii: sisi tuna parachichi nyuma ya nyumba, twaliuza, tukanunua soda. Hatukatazi biashara. Twasema, uza debe, lakini bakiza ya watoto. Na mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka chupani. Sukari katika chai ipunguzwe kidogo kidogo, maana ugonjwa wa sukari ni ndugu wa presha, na wakikutana katika mwili mmoja hatari huzidi.

La tatu ni tumbaku. Moshi wa sigara huchubua mishipa kwa ndani na kuifanya damu igande upesi. Si ya dukani tu. Na tumbaku ya kiko na ya kutafuna ni adui. Lakini iko habari njema. Mtu akiacha kuvuta, baada ya mwaka mmoja hatari yake ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hupungua kufikia kama nusu ya ile ya mvutaji. Mwaka mmoja tu! Sisi tulikataa kutawaliwa na wageni. Haitupasi kutawaliwa na kitu kirefu kama kidole.

La nne ni pombe. Hatuji hapa kuvunja heshima ya mtungi. Twajua ya kuwa pombe ya ndizi ina mahali pake katika arusi na katika matanga, na mkwe hapokewi mikono mitupu. Lakini kuna tofauti kati ya kumheshimu mgeni na kukaa kilabuni tangu saa nne asubuhi, na kuna tofauti kubwa zaidi kati ya pombe ya ndizi na gongo. Pombe nyingi huipandisha presha na kuudhoofisha moyo. Kadiri mtu anavyokunywa kidogo ndivyo anavyojilinda, na asiyekunywa kabisa asishawishiwe. Aliye na presha tayari, afadhali mtungi umpite.

La tano ni kutumia mwili. Wakulima wengi, hasa akina mama, hawahitaji kuambiwa. Anayeshika jembe, akachota maji na kubeba kuni, amekwisha fanya mazoezi kuliko wachezaji mpira. Maneno haya twawaambia makarani, walimu, wenye maduka, madereva wa pikipiki, na sisi wenyewe watu wa mikutano. Mwili wa mtu mzima wataka dakika 150 za kazi ya kutoa jasho kila juma, ambazo ni nusu saa kwa siku tano. Mtu anayepanda pikipiki kwenda mahali ambapo baba yake alikwenda kwa miguu kwa robo saa, analipa fedha ili adhoofike.

Na neno moja la watoto. Mtoto akiumwa koo pamoja na homa, apelekwe zahanati. Baadhi ya maradhi ya koo yasipotibiwa huleta homa inayoharibu milango ya moyo, na mtoto huyo hukua na moyo mbovu. Huo ni ugonjwa wa moyo usiongojea uzee.

KUPIMWA NA KUTUMIA DAWA

Akina mama wajawazito hupimwa presha wanapokwenda kliniki. Akina baba, je? Mwanamume wa miaka 50 aweza kuwa hajapimwa tangu azaliwe, mpaka siku anapoletwa akiwa amebebwa. Hilo si jambo la ushujaa. Twasema kila mtu aliyefika miaka 30 apimwe angalau mara moja kwa mwaka, na aliye na wazazi waliopooza apimwe zaidi.

Akionekana ana presha, kubadili chakula na mwendo huja kwanza, na mara nyingi dawa huongezwa. Hapo ndipo wengi hukosea. Humeza vidonge mwezi mmoja, hupimwa, hukuta presha imeshuka, husema "nimepona," huacha. Presha imeshuka kwa sababu ya vidonge. Vikiondoka, nayo hurudi. Ni kama kuondoa nguzo ya nyumba kwa kuwa nyumba haijaanguka. Mtajua habari za mwaka 2011, watu maelfu kwa maelfu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kilichosemwa kuponya sukari na maradhi mengine makubwa. Baadhi yao waliacha dawa zao za hospitali, na wako walioumia kwa hilo. Mwenye kuomba Mungu na aombe, ni haki yake. Lakini aombe akiwa amemeza kidonge chake cha siku.

SIKU YA HATARI

Shikeni dalili hizi, mzifundishe hata watoto wa shule. Kiharusi: mdomo au uso hupinda upande mmoja, mkono au mguu mmoja hulegea, maneno huvurugika. Moja tu kati ya hayo likitokea ghafula, msimlishe wala kumnywesha kitu, maana aweza kupaliwa. Mlazeni kwa ubavu, angalieni saa iliyoanza, mkimbizeni hospitali. Moyo: kifua hubanwa kama kimewekewa jiwe, maumivu huenda mkono wa kushoto, shingo au taya, jasho baridi hutoka, pumzi hukata. Huyo naye asingoje asubuhi.

Twajua ya kuwa kutoka hapa mpaka hospitali kubwa ni mbali. Bugando iko Mwanza, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, kila mtu ajua nauli yake. Mgonjwa mmoja wa kupooza huuza ng'ombe, kisha shamba la kahawa. Binti huacha shule amgeuze baba yake kitandani. Kwa hiyo kwetu sisi tulio mbali kinga si jambo la hiari. Mtu wa mjini akikosea aweza kufika hospitali kwa saa moja. Sisi hatuna saa hiyo.

KAZI YA TAWI

Yawezekana watu wa kawaida kulishinda jambo hili? Yawezekana. Katika nchi ya Finland liko jimbo liitwalo North Karelia, watu wa misitu na ng'ombe. Wanaume wao walikuwa wakifa kwa moyo kuliko karibu watu wote wa dunia. Mwaka 1971 wakazi wenyewe walipeleka ombi serikalini, na mwaka 1972 kazi ikaanza chini ya daktari kijana, Pekka Puska. Vyama vya akina mama vilifundisha mapishi mapya, chumvi na siagi zikapunguzwa, sigara zikapigwa vita. Katika miaka kama 35 vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kazi vilipungua kwa zaidi ya 80 katika kila 100. Nasi hatukuanza jana. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania kiasi cha milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, na vyoo vikachimbwa nchi nzima. Wazee mlio hapa mlikuwamo.

Basi Tawi laleta mambo manne mbele yenu, mkubali au mkatae. Moja: tumwombe mganga wa zahanati siku moja ya kila mwezi ya kupima presha, na viongozi wa Tawi wapimwe kwanza, mbele ya watu. Pili: katika mikutano yetu sigara isivutwe, na badala ya soda yaletwe maji, ndizi na mapapai. Tatu: kila nyumba kumi ziweke akiba ndogo ya nauli ya mgonjwa wa ghafula, na dereva wa pikipiki au gari ajulikane mapema, asitafutwe usiku. Nne: mwenye dawa za kila siku awe na jirani mmoja wa kumwuliza, "Umemeza?"

Hayo hayahitaji fedha ya kigeni wala mtaalamu kutoka mbali. Yahitaji watu wanaokubaliana. Wazee wetu, akina mama, ndugu zetu, mkutano ni wenu. Mwenye swali aulize, mwenye kupinga apinge, kisha tunyoshe mikono tuhesabu.

Uhuru ni kazi, na kazi yataka moyo mzima.